Upande Uliosuguliwa

Jumamosi, 7 Juni

Sijawahi kumwambia mtu jambo hili. Sauti yangu imo ndani ya gari la Babu. Nje ya gari sina. Darasani mwalimu akiniuliza, jibu ninalo, mdomo haufunguki. Nikiingia kwenye Landrova na kufunga mlango, nasoma kwa sauti kama mtangazaji wa redio. Kidato cha tatu chote nimekisomea humo. Historia kiti cha mbele. Baiolojia benchi la nyuma.

Shule ilifungwa jana. Leo kama kila Jumamosi: nimefagia uwanja, nimempa ng'ombe majani, nimekagua kigingi. Kigingi ni kipande cha mkaratusi tunachokikaza nyuma ya gurudumu. Breki ya mkono ilikufa kabla sijazaliwa, na uwanja wetu una mteremko kama uwanja wa kila mtu huku juu ya Lukozi. Tangu nina miaka sita kazi ya kigingi ni yangu. Gari likisimama tu, naruka, nakisukumiza kwa kisigino.

Kisha nimeingia garini nikasoma kurasa thelathini. Nje ukungu, ndani harufu ya petroli, magunia na kabichi za zamani. Nimefurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumatatu, 9 Juni

Babu anauza gari.

Amesema wakati wa chai, kama mtu anayesema leo kutanyesha. Mama alikuwa anajua. Mimi sikujua, na ni mimi niliyepiga picha, wakati wa mapumziko ya katikati ya muhula, kwa simu ya Mama. Babu alisema ni za kumbukumbu. Nikapiga ishirini na mbili. Hata vile virungu viwili karibu na gia, cha njano cha kuunganisha magurudumu ya mbele na chekundu cha kupandia milima mikali, nilivifuta kwanza kwa sketi yangu. Kumbe picha zilikwenda Moshi, kwa mhandisi mstaafu anayeitwa Bwana Lyimo. Anakusanya magari ya zamani ya aina hii, yanayovuta kwa magurudumu yote manne. Anayo sita kwenye banda. Hayauzi. Kila Jumapili anayawasha moja moja, basi.

Anakuja Jumanne ijayo. Bei aliyotaja ilimfanya Mama akae chini.

Sababu ni macho. Babu ana presha ya macho, haoni tena pembeni, na daktari amesema kilichopotea hakirudi. Mwezi wa nne alitumbukiza gari mtaroni karibu na shule ya msingi. Watoto walikuwa wamepita muda huo huo. Hakuna aliyeumia, lakini Babu hakula siku mbili. Leo amesema, "Likibaki hapa nitalipanda. Najijua. Siku moja nitaua mtoto wa mtu."

Nikauliza kama hatuwezi kuuficha ufunguo.

"Ufunguo?" Babu akacheka mpaka akakohoa. "Mjukuu wangu, gari hili linawaka hata kwa mpini wa kijiko."

Sikucheka.

Jumanne, 10 Juni

Nimekaa garini bila kusoma. Nimelitazama tu.

Lilikuwa gari la zahanati ya kanisa, na Babu ndiye dereva wake tangu kijana. Zahanati ilipopata gari jipya, wazee wakampa hili kuwa ahsante, maana mshahara haukuwa wa kusimulia. Akaendelea kubeba watu vilevile. Wajawazito kushuka Lushoto. Kabichi kushuka Mombo. Maharusi. Maiti.

Rangi yake ni kijani kilichopauka, ukigusa inabaki kidoleni kama chaki. Kwenye milango miwili ya mbele kuna maneno meupe yaliyoandikwa kwa brashi: ZAHANATI. WAGONJWA KWANZA. Aliyeyaandika alikuwa seremala wa majeneza, na herufi zake zinaegemeana kama watu waliochoka. Nilijifunzia kusoma hapo. Neno langu la kwanza maishani ni "wagonjwa".

Baba alirudi nyumbani ndani ya gari hili, kutoka hospitali. Nilikuwa na miaka tisa. Nilikaa benchi la nyuma, mkono wangu juu ya jeneza njia nzima ili lisiteleze. Kwenye sakafu kuna mkwaruzo wa msumari. Naujua kwa kidole, hata nikifumba macho.

Jumatano, 11 Juni

Ujumbe umeingia kwenye simu ya Mama. Simu hukaa kwangu mchana, kwa sababu Babu haoni maandishi na Mama yuko shambani. Naunakili ulivyo:

"Shikamoo Mzee. Ombi langu moja kabla sijaja. Msilioshe gari, msilipake rangi, msilisugue. Hata vumbi lake nalitaka. Rangi mpya inauzwa dukani. Rangi ile ya zamani na yale maneno mlangoni hayauzwi popote, na bei niliyotaja ni kwa ajili ya hayo. Lyimo."

Nimeusoma mara nne. Babu alikuwa amekaa barazani, hatua kumi kutoka nilipo.

"Nani huyo?" akauliza.

"Mtandao," nikasema. "Wanatangaza bando."

Nimemdanganya Babu. Sikumbuki kama niliwahi.

Juzi alisema anataka gari liondoke likiwa safi. Nikawaza: basi alipake rangi. Alipake lote, kama alivyopaka lango. Mtu wa Moshi aje, aone, arudi kwake. Gari libaki.

Alhamisi, 12 Juni

Bado sijasema. Nimefungua mdomo mara mbili. Mara ya pili nikaomba chumvi.

Jumamosi, 14 Juni

Mikono yangu inanuka majivu.

Mama aliwaambia wenzake wa jumuiya kwamba gari linaondoka. Leo asubuhi wamekuja wanawake kumi na mmoja. Hawakuja kutazama. Walikuja na ndoo, majivu, mchanga wa mtoni, magunzi na stilwaya. Mbele yao Mama Zawadi, kiongozi wa jumuiya, kajifunga kanga kiunoni kama anakwenda kuchinja.

"Gari limetubeba miaka yote," akasema, "halafu liende Moshi kama sufuria ya msibani? Wachaga waseme nini?"

Huku kwetu mtu haondoki nyumbani na vumbi. Bibi harusi anasuguliwa, mwanafunzi wa bweni anasuguliwa, sufuria ya shughuli ikirudishwa kwa mwenyewe inasuguliwa mpaka ujione. Na bodi ya Landrova ni alumini. Wanawake wa hapa wanaijua alumini kuliko fundi yeyote. Walipoona pale bonetini rangi ilipokuwa imekwisha yenyewe, na chini yake kunang'aa, hawakuhitaji kuambiwa zaidi.

Nilisimama na ujumbe ule tumboni. Ilikuwa sentensi moja tu. "Bwana Lyimo amesema msilioshe." Nimeihesabu, maneno manne.

Mama Zawadi akanigeukia. "Wewe mwenye madaftari, maji!"

Nikachota. Ndoo nne. Naandika idadi ili nisijidanganye baadaye kwamba nilisimama tu.

Walisugua kwa nyimbo. Bi Mwanaidi, jirani yetu wa msikiti ule wa bondeni, aliyejifungulia garini njia ya Lushoto, alikuwa anamtania Babu. "Tate, ulikuwa unaendesha kama umepakia mayai. Mtoto kachoka kungoja, akashuka mwenyewe."

"Kona zilikuwa nyingi," Babu akajibu. "Na wewe ulikuwa unanipiga mgongoni kama punda."

"Ningekupiga kichwani, ila ndicho ulichokuwa unaendeshea."

Wakacheka wote. Wakati wanacheka, kijani kilikuwa kinatiririka chini kama maji ya mchicha. Herufi Z ilikuwa ya kwanza kuondoka. Kisha WAGONJWA. Nilitazama neno langu likienda na mchanga.

Saa sita mlango wa dereva ulikuwa kioo. Niliona uso wangu humo. Sikuupenda.

Upande wa kushoto hawakuugusa. Gari huegeshwa limeegemea kingo ya shamba la maharage, hapo katikati anapita kuku tu. Babu haendeshi tena, hakuna wa kulisogeza. Mama Zawadi akasema upande huo Mungu atauona.

Babu aliupapasa mlango kwa viganja. Akawashukuru kwa Kisambaa, "Hongea. Hongeeni sana." Macho yake yalikuwa na maji. Yangu pia, kwa sababu nyingine.

Jumapili, 15 Juni

Sasa najua nilichofanya.

Baada ya ibada alikuja Baba Mdogo Elia, mdogo wake marehemu Baba. Anakaa Mombo, ananunua vyuma chakavu. Akalizunguka gari, akaligonga kwa kucha, akapiga mluzi. "Mmenirahisishia kazi," akasema. "Alumini tupu. Huyu wa Moshi akigoma, Jumatano nakuja na grainda nilikate. Kuna jamaa pale Mombo anayeyusha, anafinyanga sufuria."

Nilidhani anatania. Nikamtazama Babu. Babu alikuwa anatikisa kichwa taratibu, kukubali.

"Nimemwahidi," akasema. "Ama liende zima kwa anayelitunza, ama liende vipande. Hapa halikai."

Kwa hiyo "libaki" haikuwepo kamwe. Niliitunga mwenyewe. Kulikuwa na Moshi au grainda, na mimi nimelichotea grainda maji.

Nimeshindwa kula. Mama kadhani ni tumbo, kanipa maji ya tangawizi.

Jumatatu, 16 Juni

Nimeandika ujumbe kwa Bwana Lyimo. Nimefuta. Nimeandika tena. Nimefuta. Akijua hatakuja, na asipokuja ni grainda. Akija bila kujua, ataona mwenyewe.

Ningeweza kumwambia Babu. Babu angekasirika, hilo naliweza. Lakini wale wanawake kumi na mmoja wangejua kwamba wameharibu, wakati nilikuwa pale na ndoo. Hilo siliwezi.

Nimeingia garini kusoma. Sauti haikutoka hata humo.

Jumanne, 17 Juni

Amekuja.

Jua lilikuwa limetoka, na gari lilikuwa linamulika mpaka barabarani. Nilimwona Bwana Lyimo akishuka kwenye pikapu yake. Mzee mwembamba, kofia nyeupe, nyundo ndogo mfukoni. Akasimama langoni. Akavua kofia. Wanawake walikuwepo wote, wamevaa vitenge vya kanisani, Bi Mwanaidi na mtandio mpya, wanangoja ashukuru. Wakampigia vigelegele.

Ni mtu mwenye adabu. Alimwamkia Babu shikamoo, akawasalimu mama zangu mmoja mmoja, akanywa chai, akala viazi viwili. Kwanza chai. Nilitamani mtu aseme jambo, hata baya.

Kisha akaomba gunia, akalala chini ya gari. Akagonga chasisi kwa nyundo yake, anagonga, anasikiliza, anagonga tena, kama daktari na kifua. Tukasikia sauti yake kutoka chini. "Mzee, hii haina kutu! Na huku kwenye ukungu?"

"Kila mwaka naipaka oili chafu," Babu akasema.

"Hata mimi sina chasisi nzima hivi."

Akatoka. Akajipangusa. Akasimama mbele ya mlango wa dereva muda mrefu. Akauliza polepole, kama anayeogopa kuamsha mtoto: "Mzee, ujumbe wangu haukufika?"

"Ujumbe gani?"

"Kwamba lisioshwe."

Mama Zawadi alikuwa na kikombe mkononi, akakishusha. Mama akanitazama mimi. Kisha kila mtu akanitazama mimi, maana simu hukaa kwangu.

Mdomo haukufunguka. Mama akasema, "Si useme!" na ikawa mbaya zaidi.

Babu akainua fimbo. "Mwacheni apande garini. Humo ndimo anamosemea."

Alikuwa anajua. Miaka yote.

Nilipanda. Nikafunga ule mlango unaong'aa. Nikasukuma kioo pembeni, kiganja kimoja tu. Nikasema, nikitazama usukani.

"Ujumbe ulifika Jumatano. Niliusoma. Nilimwambia Babu ni bando. Nilitaka gari lisiende. Hawa mama hawakujua. Mimi nilijua, na nikawachotea maji."

Nikaendelea. Sijui kwa nini. Nikamwambia Bwana Lyimo kilichokuwa kimeandikwa mlangoni, na herufi ipi iliegemea ipi, na nani aliyeandika. Nikamwambia bonde kwenye bampa ni la ng'ombe wa mchungaji. Nikamwambia benchi la kulia ndiko Bi Mwanaidi alikojifungulia, na mkwaruzo wa sakafuni ni msumari wa jeneza la Baba. Nikamwambia asipolichukua, kesho linakatwa.

Mama Zawadi ndiye wa kwanza kusema. "Mtoto wewe," akasema, "vidole vyangu hivi havijapona." Akaketi chini. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Bwana Lyimo akauliza, "Na upande wa pili?"

"Hatukufika," akasema Bi Mwanaidi. "Pale hata jini hapiti."

Yeye akapita. Alijibanza kati ya kingo na gari, kofia ikabaki kwenye maharage. Nikamwona kupitia kioo cha kushoto, uso wake karibu kabisa na mlango. Aligusa kwa kidole kimoja. Midomo yake ilikuwa inasoma. Zahanati. Wagonjwa kwanza.

Alipotoka alikuwa na chaki ya kijani puani.

Akamwambia Babu ukweli bila kuzunguka. Bei ile ilikuwa ya gari ambalo halijaguswa. Hili limeguswa. Akataja nyingine. Siiandiki. Ilishuka sana. Mama akaangalia chini. Ilizidi bei ya kilo ya chuma chakavu, lakini haikuwa ile iliyomkalisha chini siku ya kwanza, na tofauti yake ni mimi.

Babu akafikiri. Akasema atakubali kwa sharti moja. Upande uliosuguliwa usipakwe rangi kamwe.

"Mzee, watu wataniuliza kwa nini gari lina pande mbili."

"Waambie huku ni kazi ya seremala," Babu akasema, "na huku ni kazi ya wanawake waliolipanda."

Bwana Lyimo akawatazama wale mama. Mama Zawadi alikuwa anatazama vidole vyake.

"Sitaupaka," akasema. Wakapeana mikono.

Jumatano, 18 Juni

Baba Mdogo hakuja na grainda. Amepiga simu, kasema nimemnyima sufuria mia.

Babu hajaniambia neno kuhusu uongo. Nimeenda kuomba msamaha barazani. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi ili nisome. Akaishika karatasi, akaigeuzageuza, akanirudishia. "Hii siioni. Sema."

Nikasema. Ilichukua muda.

"Haya," akasema. "Kalete maharage tuchambue."

Alhamisi, 19 Juni

Nimekwenda kwa Mama Zawadi kumchotea maji. Ndoo nne. Alizipokea. Ya nne akasema, "Ingia ule." Makande. Nimekula.

Jumamosi, 21 Juni

Limeondoka.

Bwana Lyimo alikuja na dereva wa pikapu, lakini Landrova aliliendesha mwenyewe. Liliwaka mara ya pili. Babu alitaka kusindikiza mpaka barabara kubwa, akapanda kiti cha kushoto. Mama anasema hajawahi kumwona kwenye kiti hicho. Alikaa wima, fimbo katikati ya magoti, mguu wake wa kulia unakanyaga breki isiyokuwepo.

Bwana Lyimo akanipa ishara. Nikainama, nikatoa kigingi. Mara ya mwisho. Gari likarudi nyuma kidogo, likashika, likapanda kutoka uwanjani. Kutoka uwanjani niliona upande unaong'aa. Lilipokata kona chini ya nyumba ya Bi Mwanaidi niliona ule mwingine, kijani, na maneno meupe. Kisha ukungu.

Nilishuka kwa miguu mpaka barabara kubwa kumpokea Babu. Tulirudi taratibu, mkono wake begani kwangu. Kilimani akasema kirungu cha njano kinahitaji grisi na amesahau kumwambia Bwana Lyimo.

Uwanjani kuna sehemu kavu yenye umbo la gari. Kuku wanaizunguka.

Kigingi kilikuwa bado mkononi mwangu. Nilikiosha kwa maji tu, bila majivu. Nikakipeleka chumbani, nikakiweka chini ya ule mguu mfupi wa meza yangu. Meza haichezi tena. Nikakaa, nikafungua kitabu cha Historia pale nilipoishia, nikaacha mlango wazi, nikaanza kusoma kwa sauti.

Babu akaita kutoka barazani kwamba hasikii.

Nikaongeza sauti.